Nilivyomweka Baba Mkwe Kwenye Tabaka la Kwanza

Sitaki mzunguke kwa watu kuuliza, nitawaambia mwenyewe: yule mtu ambaye kule Beni, mtaa wa kina Kahindo, akishuka kwenye pikipiki majirani wanatoka kwenye viwanja vyao, parcelle zao, na kumsalimia "Etage! Uko aye?" (yaani Ghorofa, uko vipi?) ni mimi, si mwingine. Na jina hilo sikulipata kwa kujenga ghorofa (nyumba yangu hapa Butembo ni ya mbao, na upande wa jikoni bado inavuja), nililipata kwa mdomo wangu, na kwa waya mmoja wa fibre nilioukunja vibaya ili nisiharibu vitambaa vya shangazi yangu. Nikikumbuka, masikio yanapata moto hata leo.

Kazi yangu mnaijua. Kwa asiyeijua: mimi navuta fibre. Ule waya mweusi unaouona juu ya nguzo ukipanda Furu, ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, ndani ya kioo unapita mwanga, na ndani ya mwanga yanapita maneno yenu yote, sala zenu, uongo wenu na picha zenu za keki. Jumamosi nafundisha pia somo la réseau, yaani mtandao, kwenye institut moja hapa mjini, na ninachopenda kufundisha kupita vyote ni habari ya matabaka, kwamba mtandao umepangwa kama jengo la ghorofa saba, chini kabisa kuna vitu vya kushika kwa mkono, kioo na mwanga, juu kabisa kuna kile ambacho mtu wa kawaida anakiona, picha na sauti, na kila tabaka lina kazi yake na halimchungulii jirani. Wanafunzi wakiniuliza fibre inakaa wapi, nawaambia ina mguu mmoja kwenye tabaka la kwanza na mguu mwingine kwenye la pili: kioo na mwanga ni vya lile la kwanza, lakini zile sheria za nani aseme sasa na nani angoje zamu yake (maana nyumba nyingi zinatumia kioo kimoja) ni za lile la pili. Halafu nawaimbia kanuni yangu mpaka wanachoka: kitu kikiharibika, anza chini, angalia taa kwanza, usihukumu ya chini kwa kutazama ya juu. Nilikuwa naisema nikiwa nimetia mikono mfukoni, kama mtu aliyeiandika yeye.

Sasa Kahindo. Kahindo ni muuguzi kule Beni, na tulikuwa tumependana muda wa kutosha mpaka wenzangu wakaanza kunicheka kwamba nampenda kwa simu tu. Lakini kwetu huendi kumchukua binti wa watu kama unachukua gunia la maharagwe sokoni. Kwanza familia zinasalimiana, upande wa kijana unakuja na msemaji wake, wakwe wanawatazama, wanawasikiliza, na wakikuta mdomo wenu haufai, mambo yanaishia hapo hapo, mahari hata haitajwi. Baba yake Kahindo, mfanyabiashara wa kakao, mtu mnene na mkimya, alikuwa ameshamrudisha kijana mmoja kwa sababu alikuja kusalimia akiwa na miwani ya jua usoni. Kwa hiyo siku hiyo ya salamu ndiyo ilikuwa yote. Ikiharibika, Kahindo simpati.

Na kulikuwa na Tantine Masika, shangazi yangu aliyenilea, ambaye nyonga ilikuwa imemkamata na daktari alikuwa amemkataza pikipiki na gari, na barabara ya Beni mnaijua ilivyo. Alikuwa amesema wazi kwamba hakuna mtu atakayenipeleka kwa wakwe yeye akiwa hasikii, na wakwe nao walitaka kumwona mama aliyenilea. Basi mimi, kwa akili yangu yote, nikasimama katikati ya familia mbili na kusema: kwa nini tuhangaike? Si mimi ndiye ninayeingiza fibre nyumbani kwa watu? Tutafanya salamu kwa video, Butembo sebuleni kwa Tantine, Beni sebuleni kwa Papa, tutaonana kama tumekaa pamoja. Wazee walisitasita. Nikawahakikishia. Mungu anisamehe jinsi nilivyowahakikishia.

Jumapili baada ya misa nikafika mapema kutengeneza. Waya wa ndani, ule wa manjano, nikautoa kwenye sanduku la ukutani, nikaupitisha juu ya vitambaa vya meza mpaka kwenye modem. Tantine akaingia na fimbo yake, akasimama, tukasemezana kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kile cha njo kwa ndiyo na bakwe kwa wakwe.

"Kambale, hii kamba inapita juu ya banapperon yangu."

"Tantine, hii njo inabeba bakwe."

"Basi bakwe bapite nyuma ya buffet."

Ningeweza kukataa. Mtu wa fibre anajua kwamba kioo hakipendi kukunjwa, ukikipinda sana mwanga unashindwa kukata kona, unavuja nje na kupotea. Mimi nawafundisha watu hilo! Lakini ilikuwa siku ya furaha, Tantine alikuwa amefua vile vitambaa kwa mkono wake, nikasema ah, mara moja tu, nikauzungusha ule waya kwenye mguu wa buffet, lile kabati lake la vyombo, nikaukaza usionekane, na modem nayo nikaisukuma nyuma huko huko, na taa zake. Uamuzi wangu mdogo ndio huo. Mengine yote yalitoka hapo.

Saa ya salamu ilipofika, mambo yalianza vizuri mpaka nikajisikia fahari. Kwenye televisheni ya Tantine walionekana wote: Papa mkwe katikati, Mama mkwe pembeni yake, msemaji wao, shangazi wa Kahindo aliyefungua kwa sala, baba mdogo aliyetoka Kamango na kofia yake, kaka wa Kahindo na viatu vya kung'aa, na Kahindo mwenyewe nyuma, amejitanda kitenge, anajifanya hanijui. Upande wetu alisimama Papa Mbusa, kaka yake Tantine, ndiye msemaji wetu, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Akasalimia, akasifu, akasema tumeona ua zuri kwenye parcelle yenu na tunaomba ruhusa ya kulisogelea. Akauliza: je, mlango uko wazi? Na ili aonekane vizuri kwenye kamera, akaegemea buffet.

Buffet ikashuka. Kidogo tu, lakini ilishuka juu ya ule mguu, na picha ya Beni ikaganda. Papa mkwe amefungua mdomo nusu, baba mdogo amenyanyua mkono kwenye kofia, hakuna anayesogea, hakuna anayesema.

"Allô?" nikasema. "Allô, Papa? Munatusikia?"

Kimya. Nikaita tena. Kimya.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipokaa. Kwetu msemaji akishauliza lile swali, wakwe hawajibu papo hapo. Wananyamaza, wanakuacha ungoje, wanatazamana, wananong'ona kidogo, ndiyo heshima yenyewe, na baba mkwe haharakishwi. Mtoto yeyote wa Kinande aliyewahi kukaa kwenye sherehe anajua. Na mimi nilikuwa nayajua, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile picha iliyokufa, na fundi ndani yangu akamla mtoto wa nyumbani. Nikatangaza mbele ya wote: "Fibre imekatika! Tabaka la kwanza limekufa. Lazima kuna jembe limeupiga waya huko Kalunguta."

Taa sikuiangalia. Ilikuwa nyuma ya buffet, na ilikuwa ya kijani. Mwanga ulikuwa unavuja ndiyo, lakini uliobaki ulikuwa unafika Beni, na picha inataka nafasi kubwa wakati sauti inataka kidogo sana, basi ile programu ilikuwa imeiacha picha ikaokoa sauti. Kila neno letu lilikuwa linafika, safi kabisa, kwa watu saba waliokaa kimya kwa heshima.

"Kwa hiyo habatusikie?" Tantine akauliza.

"Ata kidogo, Tantine."

"Hii etage yako ya kwanza ni nini? Utuelezeshe, tunangoja."

Na mimi mtu akiniomba kueleza! Nikavuta kiti. Nikasema, Tantine, mtandao una etage saba, tena chukua mfano wa hawa wakwe wenyewe, utaelewa haraka. Ya kwanza ni Papa mkwe. Iko chini, nzito, haifikiri, inapitisha tu, ukiipa neno inalipeleka bila kuuliza ni neno gani (Papa Mbusa akacheka, na mimi kicheko kinanipa nguvu). Ya pili ni msemaji wao, kazi yake kugawa zamu, na anayemjua ni yule tu aliyekaa naye bega kwa bega. Ya tatu ndiyo ya kutafuta njia, hiyo ni baba mdogo wa Kamango, njia zote za mpaka anazijua, hata zile ambazo douane ya ushuru haizijui. Ya tano ni shangazi yao, anafungua kikao, kukifunga hajui, mlisikia ile sala?

"Na ya ine umeiruka," akasema Tantine.

"Ya nne ni Mama mkwe! Ile ya transport. Ukituma kitu, inauliza: kimefika? Usipojibu, inauliza tena. Ukijibu, inauliza kama jibu limefika. Mimi nikipanda moto, hii pikipiki ya kulipia, kwenda Beni, ananipigia simu Kabasha, ananipigia Maboya, ananipigia Kalunguta, mpaka motard anayenibeba ananiuliza kama nina deni."

Wakacheka mpaka Tantine akashika nyonga. Nikaendelea, sikujua kusimama. Ya sita ni kaka yake, kazi yake ni kupaka rangi tu, viatu na marashi, ndani hamna kitu. "Na ya saba," nikasema, nikasimama kabisa kwa ajili ya hiyo, "ni Kahindo. Njo ile mutu anaona. Mimi, kusema kweli, nataka ya saba tu. Bale sita bengine ni njia ya kupita."

Na ile picha iliyoganda, mdomo umefunguka nusu, mkono wa baba mdogo uko bado kwenye kofia, hakuna kitu kilichosogea, ikasema kwa sauti ya Papa mkwe, polepole:

"Etage ya sita ulisema ni ya nani? Hatukusikia muzuri."

Sijui mtu mwenye akili angefanya nini. Mimi niliruka. Nilijitupa nyuma ya buffet, nikaona ile taa ya kijani inanitazama, nikataka kuulegeza waya ili picha irudi na niombe msamaha uso kwa uso, nikavuta, na kioo si kamba ya mbuzi, kikakatika. Taa ikageuka nyekundu. Televisheni ikawa nyeusi. Yaani baba mkwe ameniuliza swali, na mimi nimemkatia.

"Sasa hivi banasikia?" akauliza Tantine kwa sauti ndogo.

"Sasa hapana, Tantine."

"Sasa njo habasikie," akasema, na akaanza kukunja vitambaa vyake, kimoja kimoja, hakuniangalia.

Baadaye kidogo simu yangu ikalia, ujumbe wa Kahindo, mfupi: "Papa anasema umemukatia. Kuya weye mwenyewe, kesho." Nilikaa sebuleni pale na ile simu mkononi, nikaogopa kweli kweli. Si kuogopa kuchekwa, hilo nilikuwa nimeshalizoea. Niliogopa kwamba nimempoteza.

Kesho yake mimi na Papa Mbusa tukapanda pikipiki mbili. Tulipita Kabasha, tukapita Maboya, watu wakiwa mashambani, na simu yangu haikulia. Pale Kalunguta niliitoa mfukoni kuangalia kama ina réseau. Ilikuwa nayo, yote. Njia ile nimeipita mara nyingi, na sijawahi kuiona ndefu namna ile.

Beni walikuwa wametungoja uani. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, na nilipoangalia vizuri miguu ilitaka kunirudisha barabarani: walikuwa wamekaa kwa mpangilio wangu. Papa mkwe wa kwanza, halafu msemaji, halafu baba mdogo na kofia yake, Mama mkwe wa nne, shangazi, kaka na viatu vyake, na mwisho kabisa, mbali, Kahindo.

"Karibu," akasema Papa mkwe. "Anza chini."

Nikarudia yote, mbele ya kila mmoja, kwa maneno yale yale, maana nilipojaribu kulainisha, yule kaka alinisahihisha, alikuwa ameyashika kwa kichwa. Papa Mbusa, aliyecheka sana jana, alikuwa anatazama kuku. Papa mkwe alisikiliza habari ya uzito na ya kutofikiri, akatikisa kichwa.

"Ile kioo ya chini," akasema, "inapitisha maneno ya nani?"

"Ya bote, Papa."

"Na ikikatika?"

"Kule juu hakuna kitu kinabakia."

"Ah bon." Akafikiri. "Basi iko kazi ya muzuri. Uniache palepale."

Nikashukuru Mungu kimoyomoyo, nikapita kwa msemaji, nikapita kwa baba mdogo (alisema tu, "Douane usiitaje tena, kijana"), nikafika kwa Mama mkwe. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa anakunja ncha ya kitenge chake.

"Mi naulizaka mara mingi, ni kweli," akasema. "Kaka yangu alipandaka moto, anaenda ku Mutwanga ku shamba yake. Sikumuuliza kama alifika. Nilisema ni mutu muzima, nitamusumbua bure. Siku ikapita, na ingine ikapita, kila mutu ku famille anafikiri kaka iko kwa mwenzake. Haikuwa kwa mutu. Tangu pale, mutu akitoka naulizaka. Ukichoka, choka. Lakini unijibu."

Miaka yote nimesimama mbele ya ubao nikifundisha kwamba tabaka la nne linauliza kwa sababu njia za chini yake zinaweza kupoteza kitu na zisimwambie mtu, nimeiuliza kwenye mitihani, nimewakata watu pointi, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba kuna mtu anayeuliza hivyo kwa sababu kweli kitu kilipotea. Machozi yalinitoka, sitawadanganya. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi, nikamwambia, Mama, unisamehe, na kuanzia leo nitajibu hata kabla hujauliza.

"Inuka, unachafua suruali," akasema. "Mbona jana hukuniambia kama Tantine yako anaendelea aye?"

Shangazi alinisamehe kwa sala (sitasema ilikuwa ya urefu gani), kaka alitaka tu nikiri mbele ya watu kwamba viatu vyake ni vizuri, nikakiri, na ni vizuri kweli. Nikafika kwa Kahindo. Alikuwa ananiangalia kwa yale macho anayowatazama nayo wagonjwa wanaokataa sindano.

"Ulisema unataka ya saba tu," akasema. "Bale sita bakitoka, mi nakaa juu ya nini?"

Wazee wakaingia ndani kushauriana, na safari hii kimya kile nilikingoja kwa adabu zangu zote, sikusema allô. Walipotoka, aliyesimama ni baba mdogo wa Kamango. Akasema mlango uko wazi. Salamu imepokelewa, mahari itazungumzwa siku nyingine, na Tantine Masika watamfuata wao wenyewe Butembo, maana mama anayecheka namna ile wanataka kumwona. Lakini kuna amende, faini kwa sababu ya mdomo.

"Umetuweka ku baetage," akasema. "Basi kila etage, mbuzi moya."

Mbuzi saba. Na hapo, ndugu zangu, Mungu ni shahidi, mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Maana ipo modeli nyingine, tena ndiyo ile mtandao wa leo unayoitumia hasa, ambayo ina matabaka manne tu: la kwanza na la pili yanakuwa nyumba moja (fibre inatulia, miguu yote miwili ndani), na yale matatu ya juu nayo yanakuwa moja. Manne! Hoja ilikuwa sahihi, ningeweza kuichora pale pale kwenye vumbi. Nikavuta pumzi nianze kueleza, nikakuta Kahindo ananitazama kutoka kwenye kile kiti cha mwisho, na kichwa chake kikaenda kushoto na kulia, mara moja, kidogo sana.

"Wasingya, baba," nikashukuru kwa Kinande. "Mbuzi saba. Nitazileta."

Niliwaleta, na mke ninaye. Kazini sasa naangalia taa kabla sijafungua mdomo, waya siupitishi nyuma ya buffet hata aniombe askofu, na nikitaka kuwasema wakwe natoka nje, naenda mpaka shambani, mbali na kitu chochote chenye umeme. Na kule institut, Jumamosi, siku hizi naanza na ile modeli ya matabaka manne. Wanafunzi wakiniuliza ile ya matabaka saba ilikwenda wapi, nawaambia ipo kitabuni, waisome wenyewe, mimi ilinimalizia mifugo.